Kumlisha Pweza

Anayetaka kufuga pweza nyumbani huanza kwa kufuga maji. Tangi la kioo la lita 200 au zaidi hujazwa maji yaliyochujwa, hutiwa chumvi ya bahari kiasi cha gramu 35 kwa lita, hupangwa mawe na mchanga, pampu huwashwa, kisha mwenye tangi hungoja. Hungoja miezi mitatu, pengine zaidi, mbele ya kioo kisicho na kitu cha kuwaonyesha wageni. Kazi inayofanyika mle haionekani: katika vitundu vya mawe bakteria wanazaana, kundi moja likigeuza amonia kuwa nitriti, jingine likigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Nao bakteria hula, kwa hiyo mfugaji huwatupia kipande cha kamba na kuacha kioze. Hupima, huandika, hupima tena. Amonia na nitriti zikishuka hadi sufuri na kubaki hapo, ndipo anapoanza kufikiria kumpokea mpangaji.

Subira hiyo ndiyo iliyonivuta kuwapenda wafugaji wa pweza. Pweza mdogo huishi mwaka mmoja hivi, akijaliwa mwaka na nusu. Mtu anayetoa robo ya mwaka kumwandalia makazi kiumbe wa umri huo amekwisha kukubali kwamba muda mwingi wa kazi yake hatamwona mnyama wake. Na anayenunua tangi na pweza siku moja, ananunua maiti. Neno hilo ni zito, lakini halina namna nyingine ya kusemwa.

Maji yanahitaji heshima hiyo kwa sababu ya jinsi pweza alivyoumbwa. Hana magamba wala gome, ngozi yake iko wazi. Damu yake ni ya buluu kwa kuwa hubeba oksijeni kwa hemosianini, protini yenye shaba, na mioyo mitatu inaisukuma. Lakini shaba hiyo hiyo ikiwa imeyeyuka ndani ya maji humuua, hata kwa kiasi kidogo sana. Dawa nyingi za kutibu vimelea vya samaki zina shaba, na ndiyo maana mfugaji makini hagusi tangi lililowahi kutumika kutibia samaki, hata liuzwe kwa bei ya kutupa. Juu ya hayo pweza hula sana, na anachokula kinarudi majini kama uchafu. Kwa hiyo tangi la pweza mmoja huwekewa chujio la tangi kubwa zaidi, pamoja na mashine ya povu ambayo hupuliza viputo vidogo vidogo ili vibebe protini chafu hadi juu na kuimwaga nje kabla haijaoza.

Ufundi huu una historia ambayo ningependa ijulikane zaidi. Jeanne Villepreux-Power alizaliwa Ufaransa mwaka 1794, akafanya kazi ya ushonaji Paris, akaolewa na mfanyabiashara James Power na kuishi naye Messina, katika kisiwa cha Sicily. Huko alivutwa na argonauta, pweza mdogo wa bahari kuu ambaye jike lake huelea ndani ya kombe jembamba jeupe. Wataalamu walikuwa wakibishana kama kombe lile ni lake au amemnyang'anya mnyama mwingine. Mzoga uliotiwa ndani ya pombe usingeweza kumaliza ubishi. Alihitajika pweza aliye hai, anayekula, anayekua mbele ya macho ya mtu. Mwaka 1832 Jeanne alibuni matangi ya kioo ya kuwekea viumbe wa bahari, na vizimba vya kutia nanga majini. Aliwafuga, akawalisha, akavunja sehemu za makombe yao na kuwaona wakiziba nyufa kwa minyiri yao miwili iliyopanuka. Kombe ni la argonauta mwenyewe. Tangi la kioo la kuchunguzia viumbe wa bahari, ambalo leo tunaliona kila mahali likiwa na samaki wa rangi, lilitokana na hamu ya kumtunza pweza mdogo akiwa hai.

Kwa wafugaji wa Marekani, anayesifiwa zaidi siku hizi ni pweza wa madoa mawili wa pwani ya California na kaskazini mwa Mexico, Octopus bimaculoides. Chini ya kila jicho ana doa lenye pete ya buluu inayong'aa, jicho la uongo la kumbabaisha adui. Huzoea watu, huweza kutoka mchana, na hupenda maji ya baridi, hivyo katika nyumba yenye joto hulazimu kununua mashine ya kupooza. Yuko pia pweza kibete wa Karibiani, Octopus mercatoris, ambaye hutoka usiku tu. Wenye kumfuga huwasha taa nyekundu, kwa kuwa jicho la pweza karibu haliioni rangi hiyo, na hukaa kimya kumsubiri. Pweza wa pete za buluu ni mdogo, na kwa uzuri anawapita wote, na mate yake yana tetrodotoksini, sumu isiyo na dawa ya kuizima. Mfugaji anayeujua uzuri huo kisha akakataa kumweka ndani ya nyumba yenye watoto, nahesabu kukataa kwake kuwa sehemu ya ufundi.

Sasa chakula. Pweza mgeni hula kilicho hai, na anachokipenda kuliko vyote ni kaa. Mfugaji humwachilia kaa mdogo upande wa mbali wa tangi, asizidi ukubwa wa mwili wa pweza, kisha anarudi nyuma hatua mbili. Kwanza hutokea jicho kwenye mlango wa pango. Rangi ya ngozi inabadilika, mnyiri mmoja unatambaa juu ya jiwe, halafu mwili mzima unaruka na ngozi iliyo kati ya minyiri inamfunika kaa kama mwavuli. Chini ya mwavuli huo kaa hutiwa mate ya kumlegeza, na nyama huchambuliwa kidogo kidogo kwa mdomo mgumu na ulimi wenye meno. Lazima iwe kidogo kidogo: umio wa pweza hupita katikati ya ubongo wake, na tonge kubwa halina njia. Akipewa chaza hujaribu kwanza kulifungua kwa nguvu. Likikataa, hulitoboa tundu dogo mno na kupitisha mate humo, misuli inalegea, kombe linafunguka.

Kaa hai kila siku ni gharama, na kwa anayekaa mbali na bahari ni shida kweli kweli. Ndipo inapokuja kazi ninayoiona kuwa kilele cha ufundi huu, kumzoesha pweza kamba wa kugandishwa. Kamba huyeyushwa barafu, huoshwa, awe hana chumvi wala dawa ya kuhifadhia, kisha huchomekwa kwenye ncha ya kijiti cha plastiki na kushushwa taratibu. Kijiti kinatikiswa kidogo sana, kwa sababu kitu kilicho tuli si windo na kinachorukaruka kinatisha. Mnyiri unakuja kukigusa. Vifyonzeo vya pweza huonja pamoja na kugusa, kwa hiyo hapo tayari anajua kama ni chakula. Mkono wa mfugaji lazima utulie kabisa. Akivuta, pweza naye atavuta, na jioni hiyo itakuwa ya mashindano badala ya mlo. Akilegeza mapema mno, kamba ataangukia nyuma ya mawe aoze huko. Wenye ujuzi huusikia mvuto katika vidole na kuachia pale vifyonzeo vinapokuwa vimeshika sawasawa. Pweza akikataa, hukisukuma kijiti mbali, na mfugaji hukitoa bila kubembeleza.

Mlo ukiisha, mabaki hutolewa. Wanawake wa Unguja na Pemba wanaochokoa pweza wakati wa bamvua hujua pango lenye mwenyewe kwa makombe yaliyotupwa mlangoni. Mfugaji naye hulisoma jaa hilo kila asubuhi: magamba mangapi, yamesafishwa au yameachwa na nyama, yametupwa karibu au mbali. Pweza aliyekula vizuri jana na kuacha nusu leo anasema jambo, na mara nyingi analosema linahusu maji.

Kifuniko nacho ni kazi. Pweza hupita popote mdomo wake mgumu unapopita, kwani sehemu nyingine zote za mwili hujibana. Inky, pweza wa akwariamu ya taifa ya New Zealand mjini Napier, alipenya mwanya wa tangi lake mwaka 2016, akavuka sakafu na kuteremka kwenye bomba linaloelekea baharini. Hivyo matundu ya mabomba huzibwa kwa wavu, na kifuniko hubanwa au huwekewa uzito.

Pweza hahitaji chakula peke yake. Mwaka 1999 Jennifer Mather na Roland Anderson waliandika juu ya pweza wa akwariamu ya Seattle waliopewa chupa tupu za dawa zinazoelea. Wawili kati ya wanane walizipulizia maji zizunguke na kurudi, tena na tena. Wafugaji hutia kaa ndani ya mtungi wenye kifuniko cha kuzungusha, ili mlo uwe na kazi ndani yake.

Jike akishataga, hulinda mayai na mara nyingi haguswi tena na njaa. Mwaka 1977 Jerome Wodinsky alionyesha kuwa chanzo ni tezi zilizo karibu na macho. Zikiondolewa, jike hurudi kula. Nyumbani hakuna wa kuziondoa. Mfugaji huendelea kushusha kijiti, jike huendelea kukisukuma, na kazi ya kila siku inabaki ile ya maji.

Mayai ya pweza wa madoa mawili ni makubwa, na watoto hutoka wakiwa na umbo la wazazi, wakitambaa chini badala ya kuelea miongoni mwa viumbe wa majini wasioonekana. Kwa hiyo wanaweza kulelewa nyumbani, lakini kila mmoja hutengwa, maana wakikaa pamoja hulana. Wanataka uduvi hai kila siku. Uduvi hufugwa katika tangi lao lililoanzishwa kabla mayai hayajaanguliwa, nao hulishwa artemia, vijidudu wa maji ya chumvi wa jamii ya kamba, na artemia hulishwa mwani mdogo mno unaoyapa maji rangi ya kijani. Mlezi wa pweza wachanga huianza siku kwa kutikisa chupa ya maji ya kijani iliyo dirishani.