Bei ya Baiskeli ya Mbio ya Zamani: Soma Bomba Kabla ya Jina

Chukua baiskeli mbili za Schwinn zilizotoka kiwandani Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zote zina gia 10, usukani wa zote umejikunja kama pembe za kondoo dume, na jina kwenye bomba ni lile lile. Moja ni Varsity, nyingine ni Paramount. Varsity nzima, inayotembea, huuzwa kwa bei ya kutupa. Paramount huwagombanisha wakusanyaji.

Umri peke yake hauongezi bei. Kati ya 1972 na 1974 Marekani ilishikwa na homa ya baiskeli, zikauzwa takriban milioni 14 hadi 15 kila mwaka. Nyingi bado zimelala magereji, na bidhaa iliyojaa sokoni haipandi bei kwa kuzeeka. Jina nalo halitoshi: Schwinn ilifilisika mwaka 1992, na baadaye jina hilo likabandikwa kwenye baiskeli za bei rahisi za maduka makubwa.

Kwa hiyo anza na bomba. Varsity ni ya chuma cha kawaida, ina uzito wa kilo 17 hivi. Paramount ya miaka hiyo ni ya Reynolds 531, chuma cha Uingereza chenye manganizi na molibdeni kilichoanza kutumika mwaka 1935. Bomba zake ni nene kwenye maungio na nyembamba katikati, ndiyo maana fremu ni nyepesi bila kuwa dhaifu. Kwa baiskeli za Kiitaliano, tafuta stika ya bomba za Columbus.

Stika huchunika, na mjanja anaweza kubandika mpya, basi thibitisha kwa kipimo. Chomoa nguzo ya siti usome namba iliyogongwa. Kwenye bomba za vipimo vya Kiingereza na Kiitaliano, milimita 27.2 huashiria bomba jembamba la hali ya juu. 26 kushuka chini mara nyingi ni bomba nene. Za Kifaransa zina vipimo vyake: Peugeot PX-10, ambayo nayo ni ya 531, hutumia 26.4. Kisha tazama mahali ekseli ya nyuma inapokaa. Chuma kinene cha kufuliwa, hasa chenye jina la kampuni ya Campagnolo, ni dalili njema. Bati lililokatwa na kukandamizwa ni dalili ya baiskeli ya kawaida.

Sasa soma vifaa. Kibadili gia cha nyuma cha Campagnolo Nuovo Record kimegongwa neno la hataza, "Patent", na tarakimu mbili za mwaka. Shimano hutumia herufi mbili: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, ya pili ni mwezi. Miaka ikipishana sana na ya fremu, vifaa vimebadilishwa. Mwendeshaji hatajali, mkusanyaji atakata bei.

Kuna kasoro tatu za kusaka kwa mkono. Pitisha kidole chini ya bomba la chini na chini ya mwamba, yaani bomba la juu, nyuma tu ya shingo ya fremu: mkunjo au rangi iliyopasuka hapo maana yake baiskeli iligonga kitu, na fremu imeharibika. Pili, hakikisha nguzo ya siti na shingo ya usukani vinazunguka. Aluminiamu ndani ya chuma ikiota kutu hung'ang'ania, na kuitoa ni kazi ya fundi ya siku nzima. Tatu, kutu ya juujuu inafutika, lakini rangi iliyofura inaficha chuma kilicholiwa. Na usivutiwe na rangi mpya: rangi ya kiwandani yenye mikwaruzo huwa na bei kubwa kuliko iliyopulizwa upya.

Mwisho ni hesabu. Tafuta bei ambayo baiskeli ya aina hiyo, ya hali hiyo, imeuzwa kweli, si bei iliyotajwa na muuzaji. Toa tairi, raba za breki, nyaya, cheni, gololi, grisi na ujira wa fundi. Toa tena kidogo kama magurudumu ni ya inchi 27, kwa sababu tairi za kisasa za 700C haziyaingii, na kama fremu ni ndogo mno au kubwa mno, kwani wanunuzi wake ni wachache. Kisha jumlisha bei ya krenki, habu, kibadili gia na siti kimoja kimoja. Mara nyingine vipande huzidi baiskeli nzima, na hiyo ndiyo bei ambayo muuzaji asishuke chini yake.

Muuzaji akikukataza kuchomoa nguzo ya siti, mpe bei ya Varsity au uende zako.