Umekuja kwa Nani?

Nilipostaafu nilijiahidi safari moja ya kisiwa cha mbali. Moja tu, maana kiinua mgongo si kisima. Ili nichague vyema nilinunua tafsiri ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 2010, ya atlasi ya visiwa vya mbali aliyoitunga Mjerumani Judith Schalansky. Jalada lenyewe latoboa siri mapema: ni visiwa 50 ambavyo mwandishi hajavikanyaga wala hatavikanyaga.

Kwanza nimpe sifa anazostahili. Schalansky alizaliwa mwaka 1980 Ujerumani ya Mashariki, ambako raia hawakuwa na ruhusa ya kwenda watakako. Kwake atlasi ndiyo iliyokuwa safari. Ramani zake ni nzuri ajabu, na zote zimechorwa kwa kipimo kimoja, sentimita moja kwa kilomita moja na robo, hata kisiwa kidogo huonekana kama punje ya mchele iliyoanguka baharini. Tena hatulaghai kwa minazi na mchanga mweupe: visa vyake vingi ni vya njaa, upweke na mauti.

Ugomvi wangu naye uko katika neno "mbali". Kila kisiwa kimeandikiwa kilomita zake kutoka nchi nyingine, kana kwamba umbali ni sifa ya kisiwa chenyewe, kama ukubwa wake. Lakini mbali na nani?

Tazama Tromelin, mashariki ya Madagaska, kisiwa kimojawapo kitabuni. Mwaka 1761 meli ya Kifaransa iliyobeba watumwa wa Kimalagasi ilivunjika pale. Mabaharia waliunda chombo, wakaondoka na ahadi ya kurudi, wakawaacha Wamalagasi wapatao 60. Mwaka 1776, baada ya miaka 15, walichukuliwa waliosalia: wanawake 7 na mtoto mchanga. Kwao Madagaska haikuwa mbali kwa kilomita. Ilikuwa mbali kwa sababu aliyeahidi hakurudi.

Diego Garcia nayo imo. Kati ya 1968 na 1973 Uingereza iliwahamisha kwa nguvu wenyeji wa visiwa vya Chagos, wakatupwa Morisi na Shelisheli, ili Marekani ipate kituo cha kijeshi. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza haikuvitenga visiwa hivyo na Morisi kihalali. Anayevisifu visiwa hivyo kwa utulivu wake na akumbuke utulivu huo ulivyopatikana.

Basi sikwenda Pasifiki. Nilipanda mashua hadi Jibondo, kusini ya Mafia, kwa mafundi wa majahazi. Nilishuka nimejaa fahari ya msafiri. Nikamkuta bibi mmoja anaanika pweza, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechagua kisiwa, sikuchagua mwenyeji. Alinionea huruma, akanipa maji ya mvua kutoka pipani, nikanywa vikombe viwili. Baadaye ndipo nilipoambiwa jinsi maji matamu yalivyo ya shida pale, nikakionea haya kile kikombe cha pili.

Msomaji, kitabu cha Schalansky ukikipata kisome. Kitakufundisha kutazama ramani kwa mashaka, na hilo si dogo. Ila usikitumie kuchagulia safari. Kabla ya kuuliza nauli na msimu wa pepo, uliza utafikia kwa nani, na maji utakayokunywa yatapungua katika pipa la nani. Kama wenyeji walifukuzwa, ngoja warudi, wakukaribishe wao. Mimi nimekwisha kurudi Jibondo mara ya pili. Safari hiyo nilipoulizwa lile swali, nilitaja jina la bibi.