Nani Msikilizaji? Shaka Juu ya Usiku wa Mashairi Hulugho

Mazungumzo juu ya ushairi wa Wasomali huanza, mara nyingi mno, kwa kauli ya Richard Burton. Mwingereza huyo aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1856 kwamba nchi ya Wasomali imejaa washairi. Tangu hapo kauli hiyo imerudiwa na wasafiri, wanasiasa na hata wahakiki, mpaka ikawa sifa ya kabila zima: taifa la washairi. Ni sifa tamu, lakini haimfundishi mtu chochote. Ikiwa kila mtu ni mshairi, basi hakuna haja ya kuuliza ni shairi lipi zuri na lipi baya, na kazi ya uhakiki imekwisha kabla haijaanza.

Hulugho, mji mdogo wa wafugaji katika kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia na si mbali na msitu wa Boni, unatosha kuitia shaka sifa hiyo. Wakazi wake wengi si washairi. Ni wenye ng'ombe na mbuzi, wachuuzi, walimu, askari, akina mama wauza chai. Panapokuwa na arusi au mkusanyiko wa usiku, watungaji ni wachache na wasikilizaji ni wengi. Makala haya yanakusudia kuwatazama hao wengi, kwa kuwa ni wao, wala si mtungaji, wanaoamua kama shairi litaishi.

Kwanza yafaa kuuliza msikilizaji hufurahia nini. Msomi aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili hufika kwenye mkusanyiko kama huo na sikio lililozoea vina. Husubiri mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari haumpi kitu. Katika ushairi wa Kisomali mlio unaotafutwa uko mwanzoni mwa neno. Mtungaji akichagua D, basi kila mstari sharti uwe na neno linaloanza kwa D, tangu shairi lianzapo hadi likomapo, hata kama ni la mistari mia moja. Mizani nayo haihesabu silabi kama ihesabuvyo mizani ya Waswahili. Hutegemea urefu na ufupi wa irabu. Wenyeji waliifuata kanuni hiyo kwa karne nyingi bila kuiandika, hadi mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alipoieleza hadharani mwaka 1976, miaka minne baada ya Kisomali kupewa hati rasmi ya Kilatini.

Hapa ndipo shaka inapostahili nafasi. Sharti la herufi moja humlazimisha mtungaji kuchimbua maneno ya kale, majina ya miti, ya magonjwa ya ngamia, ya pepo za misimu iliyosahauliwa na vijana. Neno gumu likianguka mahali pake, watu hushangilia. Je, wameelewa? Baadhi wameelewa. Wengine wameshangilia ustadi wa kulipata neno, kama mtazamaji wa mpira ashangiliavyo chenga ambayo haikuzaa bao. Mhakiki anayeandika kwamba hadhira "ilivutiwa mno na maudhui" kwa sababu alisikia makofi ameandika asilolijua.

Kipimo cha kale kilikuwa kingine, nacho kilikuwa kikali zaidi. Gabay, utungo mzito wa wanaume, hughaniwa na sauti moja bila ngoma wala makofi. Wasikilizaji hukaa kimya. Miongoni mwao huwamo mtu mwenye kifua cha kuhifadhi, naye hulichukua shairi neno kwa neno na kulighani kwingine, akimtaja mtungaji kwa jina, maana kulighani shairi la mwingine bila kumtaja ni aibu. Kisha hutokea mtu wa kulijibu. Mnyororo wa mashairi uitwao Guba, wa nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, ulijibizana kwa miaka mingi na kuchochea uhasama wa koo uliokuwa umepoa. Ule wa Deelley, ulioanza mwaka 1979 kwa Gaarriye na Hadraawi, uliwaingiza makumi ya watunzi katika mabishano juu ya ukabila na utawala wa siku zile. Jina lenyewe linatokana na herufi D, na mashairi yake yalisafiri katika kaseti zilizonakiliwa mkono kwa mkono. Huko kujibiwa ndiko kulikokuwa kusifiwa.

Pwani haikuwa mbali na desturi hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana tungo wakati wa fitina za miji yao mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Muyaka alifariki yapata mwaka 1840, na mengi katika yanayosomwa leo yalibaki katika kumbukumbu za watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya kwa ajili ya W. E. Taylor. Kama wasikilizaji wa Mombasa wangalikuwa wapiga makofi tu, kusingalikuwa na Muyaka wa kufundishwa vyuoni.

Sasa na utazamwe usiku wa mashairi wa namna mpya, wenye jukwaa, kipaza sauti na kinanda, unaofanywa Garissa mjini au Eastleigh, na ambao ladha yake hufika Hulugho kwa simu za mkononi. Mada hutolewa na wafadhili: amani, elimu ya wasichana, ukame. Hakuna anayeweza kuzilaumu mada hizo. Lakini mshairi amepewa dakika zake, anafuatwa na mwimbaji, na hapana nafasi ya mtu kusimama na kusema, "Umekosea." Ngonjera za Tanzania, alizozianzisha Mathias Mnyampala na zilizoenea baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zilikuwa na umbo la majibizano, ila jibu lilikuwa limekwisha andikwa na mtu yule yule. Nyingi zilisomwa siku moja na hazikusikika tena. Hatari ni hiyo hiyo.

Hata hivyo mwenye shaka naye hana budi kushukiwa. Miaka ya arobaini, Cabdi Sinimo, dereva wa lori wa Borama, alipozua tungo fupi za mapenzi zilizoitwa belwo, masheikh na wazee walizilaani kuwa upuuzi na ufisadi. Katika belwo hizo ukazaliwa wimbo wa heello, ukapata udi wa Cabdullaahi Qarshe, mzaliwa wa Moshi, Tanganyika, ukaja kubeba madai ya uhuru. Waliocheka walikuwa na masikio mazuri ya gabay na masikio mabovu ya jambo jipya.

Liko na jibu zito zaidi la watetezi. Katika eneo hili usiku wenyewe haukuwa mali ya wakazi. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa Kaskazini Mashariki mwishoni mwa mwaka 1963 hazikuondolewa hadi 1991. Baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, amri ya kutotoka nje usiku iliwekwa, na mwaka huo huo ikaanzishwa operesheni ya kijeshi katika msitu wa Boni. Watu waliopitia hayo wakiketi pamoja hadi usiku wa manane, wakacheka, mhakiki ana haki gani ya kudai? Anayo. Kulihurumia shairi ni kulidharau. Aliyetunga katika hofu anastahili sikio kali kama la mwenziwe aliyetunga katika raha.

Na sikio hilo halijafa. Liko kwa wanawake, ambao wasomi wa mwanzo hawakuwasikiliza sana kwa kuwa macho yao yalikuwa kwenye gabay. Katika arusi, buraanbur huimbwa kwa ngoma, makofi na vigelegele. Mtunzi huzisifu koo mbili zinazounganishwa, na wanawake wa koo hizo huingia uwanjani mmoja mmoja kucheza wakitajwa. Hapo furaha na hukumu haziachani. Mtunzi akimruka bibi aliyestahili kutajwa, au akiupa ukoo mmoja sifa ya mwingine, husahihishwa papo hapo, mbele ya wote, na mwenye ujuzi hulipokea sahihisho ndani ya mdundo bila kuipoteza herufi yake. Asiyeweza hunyamaza na kumwachia mwingine.

Mtafiti atakayekwenda Hulugho na chombo cha kunasia sauti angefanya vyema asikielekeze kwa mtunzi peke yake. Akinase na minong'ono ya walioketi nyuma. Kisha akae siku tatu zaidi, apite penye kisima na penye vibanda vya chai, aulize ni mistari ipi imebaki, ni nani anayeighani, na kama bado anamtaja mwenyewe.