Kelele za Wasomaji, Kimya cha Riwaya

Riwaya ya upelelezi haijapata heshima kubwa katika uhakiki wetu. Aghalabu hutiwa katika fungu la tungo za kupitishia wakati, na mhakiki huona kazi yake imekwisha akishasema kwamba fumbo limefumbwa na kufumbuliwa kwa ustadi, au la. Hata hivyo, mara nyingine riwaya ya aina hii hubeba jambo zito la jamii, na hapo wasomaji hugawanyika. Mfano mmoja ni riwaya ya Stieg Larsson wa Uswidi, Män som hatar kvinnor, yaani "Wanaume Wanaowachukia Wanawake", iliyochapishwa mwaka 2005, baada ya mwandishi kufariki mwaka 2004. Nia ya makala haya ni kuyapima maoni ya wasomaji wake, na kuonyesha jambo ambalo, kwa maoni yetu, pande zote mbili zimelipita.

Kisa ni kirefu, chazidi kurasa 500. Mwandishi wa habari Mikael Blomkvist anaajiriwa na tajiri Henrik Vanger ili achunguze habari za Harriet, mjukuu wa nduguye, aliyetoweka mwaka 1966. Anasaidiwa na Lisbeth Salander, mwanamke kijana ambaye sheria imemweka chini ya mwangalizi. Uchunguzi wao unafichua mauaji ya wanawake yaliyotendwa na baba na mwana wa ukoo huo.

Kundi la kwanza la wasomaji laisifu riwaya hii kuwa ni utetezi wa wanawake. Hawa huelekeza kidole kwenye takwimu zilizotangulizwa katika kila sehemu ya kitabu, kuhusu ukatili wanaotendewa wanawake wa Uswidi. Kundi la pili lajibu kwamba anayelaani ukatili kwa kuusimulia kwa urefu namna ile huugeuza kuwa tamasha. Yamkini tafsiri nazo zimechangia mgawanyiko huu. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2008 iliacha jina la asili na kumtaja msichana mwenye chale ya joka. Ile ya Kifaransa ilisema wanaume "hawakuwapenda" wanawake. Shtaka lililokuwa juu ya jalada likapunguzwa makali au likaondolewa, na msomaji akaingia bila kuonywa.

Lakini makundi yote mawili yanabishana juu ya kiasi cha damu. Sisi twaona kwamba kiini cha riwaya ni kimya. Takwimu ya sehemu ya mwisho yasema kuwa asilimia 92 ya wanawake walioingiliwa kwa nguvu hawakupiga ripoti polisi juu ya tukio la karibuni. Sasa na tumtazame Salander. Mwangalizi wake, wakili Bjurman, anamnajisi, naye haendi polisi, kwa kuwa mtenda jinai ndiye mkono wa sheria wenyewe. Anamwadhibu kwa mkono wake. Wapo wasomaji wanaodai kwamba sura hizo hazihusiani na fumbo la Harriet. La hasha! Muuaji wa ukoo wa Vanger ni mtu wa nadra. Bjurman ni mtu wa ofisini, mwenye tai na mafaili. Ni kwake yeye ndipo hadithi inapokutana na takwimu zake.

Kisha latokea la ajabu zaidi. Blomkvist, ambaye kazi yake ni kutangaza ukweli, anakubali mauaji hayo yasichapishwe, ili Harriet asiumizwe tena. Salander aunga mkono siri hiyo, ila adai fedha zitolewe kuwasaidia wanawake waliodhulumiwa. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale msomaji wa Kiswahili amezoea kwamba fumbo likifumbuliwa huelezwa mbele za watu. Hapa laelezwa kwa wachache, kisha lazikwa. Je, huu ni udhaifu wa riwaya au ndio ukweli wake? Sisi twasema ni yote mawili: mwandishi ameonyesha jinsi watu wema wanavyokinunua kimya, lakini shauri la mfanyabiashara Wennerström lafuata upesi mno, na msomaji hapewi nafasi ya kuuhukumu ununuzi huo.

Jambo hili si geni kwetu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilipopigwa marufuku katika shule za Tanzania, kelele zilihusu mambo ya mapenzi yaliyoandikwa waziwazi. Ukali wa Zakaria, baba yake Rosa, uliomlea binti katika hofu na kumwacha bila kinga, haukuleta kelele kama hizo. Mwalimu anayefundisha tungo za namna hii hana budi kuwauliza wanafunzi, zaidi ya swali la kilichoonyeshwa kupita kiasi: ni nani katika kisa hiki aliyejua, akanyamaza, na kwa faida ya nani?