Mtani Kaburini: Deadpool katika Mizani ya Kilosa

Filamu iitwayo Deadpool & Wolverine, iliyoongozwa na Shawn Levy na kutolewa mwaka 2024, yaanzia kaburini. Deadpool, achezwaye na Ryan Reynolds, afukua mifupa ya Wolverine, shujaa aliyezikwa mwishoni mwa filamu ya Logan ya mwaka 2017. Askari wanapomjia, aigeuza mifupa hiyo kuwa silaha, huku akipiga soga na watazamaji. Mtazamaji mmoja aweza kuiita kufuru. Wa pili aweza kuiita kichekesho kisichohitaji kupimwa. Hukumu zote mbili zina upungufu, kwa kuwa Kiswahili kina neno la kupimia mzaha wa kaburini, nalo ni utani.

Neno hilo lina mizizi mirefu katika nchi itokayo Ukaguru, kupita Kilosa, hata Mikumi. T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti kwa Wakaguru katika miaka ya 1950, aliandika mwaka 1966 juu ya utani wao, akiuhusisha na mauti na ukwe. Miaka mitatu kabla yake, James Christensen aliandika juu ya utani wa jirani zao Waluguru, akiuunganisha na wajibu. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika matanga, mtani huigiza mwendo wa marehemu, hudai fedha kabla ya maiti kushushwa, hata hulala kaburini, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye ashikaye jembe, ndiye atekaye maji, ndiye asimamiaye chungu. Ulimi wake una uhuru kwa sababu mikono yake ina deni.

Sarufi nayo yashuhudia. Kitenzi tukana kina umbo la kutendana, lakini mtu mmoja aweza kutukana peke yake. Wakitukanana ndipo huwa wawili. Mtani, kinyume chake, hawi mtani pasipo mwenziwe. Jina hilo halitaji tabia ya mtu, lataja uhusiano.

Basi Deadpool ni nani? Alibuniwa na Rob Liefeld na Fabian Nicieza, akatokea mara ya kwanza katika vitabu vya katuni mwaka 1991. Ni askari wa kukodiwa, mgonjwa wa saratani aliyeponywa kwa mateso yaliyomharibu uso na kumfanya asife. Kumwita Sungura si sawa: Sungura hudanganya ili aokoke, naye Deadpool hana cha kuogopa. Wala si Abunuwasi, ambaye kila hila yake yategua fumbo. Maneno ya Deadpool mara nyingi hayategui kitu, hububujika tu.

Kwa mizani ya Kilosa, Deadpool wa tukio la kwanza si mtani bali mhuni: afukua kaburi asilolichimba. Kisha amchukua Wolverine wa ulimwengu mwingine, mtu aliyelemewa na aibu ya kushindwa kuwaokoa wenzake, naye amdanganya kwa ahadi asiyokuwa na uhakika nayo. Mzaha wake wote hapo ni mkopo. Filamu yapata thamani pale mkopo unapolipwa: karibu na mwisho wawili hao washikana mikono katika moto wa mtambo, kila mmoja akiwa tayari kufa ili watu wengine waishi. Aliyechezea mifupa ya maiti asimama bega kwa bega na aliye hai. Hapo ndipo alipewapo ruhusa ya mzaha, ingawa kwa kuchelewa.

Lakini liko kaburi la pili. Filamu yaikejeli pia kampuni ya 20th Century Fox, iliyonunuliwa na Disney mwaka 2019, na kuyaonyesha magofu ya jina lake jangwani. Wengi husifu ujasiri huo. Ujasiri gani? Anayecheka hapo ndiye mrithi, na kicheko chenyewe chauzwa kwa tiketi. Mtani hupewa ujira mdogo wa mzaha wake. Hakai kiti cha mrithi. Mzaha usio na deni kwa mtu yeyote ni biashara, hata ukiwa mkali namna gani.

Tofauti hii yamhusu sana mfasiri. Deadpool humwita mwenziwe kwa neno la Kiingereza lenye maana ya karanga. Ukiandika “karanga,” msomaji ashangaa. Ukiweka tusi la sokoni, uhusiano wao wapotea. Watani wa nchi hii huitana “mtumwa wangu,” neno linalodhalilisha na kukumbatia kwa pumzi moja. Hilo lafaa, lakini tangu wawili hao wanapoanza kusaidiana, si kabla. Mfasiri atumiaye neno moja tangu mwanzo hata mwisho atakuwa amemsamehe Deadpool kabla hajashika jembe.