Chuma Hukaa Juu

Kwenye jengo linaloinuka karibu na Kamakis, Ruiru, fundi wa vyuma amepiga goti juu ya plaiwudi tangu saa moja asubuhi. Kuta zilizo chini yake ni za mawe ya Ndarugo, yale ya kijivu yanayokatwa kwa mashine upande wa Juja. Mbele yake plaiwudi imevuka ukuta na kutokeza hewani kwa mita 1.1, ikishikiliwa na miti ya mkaratusi kutoka ghorofa ya chini. Hapo ndipo patakapokuwa roshani, au balkoni kama wanavyoiita watu wa mjengo.

Roshani hii haitakuwa na nguzo. Nyumba ndiyo itakayoishika, kama bega linavyoshika mkono ulionyooshwa. Zege huvumilia sana kubanwa lakini likivutwa hukiona cha moto, na mtu akisimama ukingoni, upande wa juu wa roshani ndio unaovutwa. Katikati ya chumba chuma kikuu hulala upande wa chini wa slabu. Hapa ni kinyume: hukaa juu.

Fundi anaufungua mchoro wa mhandisi, anausoma, anaukunja, kisha anaufungua tena. Vyuma vya milimita 12 hutoka kiwandani vikiwa na urefu wa mita 12. Anavikata mita 3, vipande vinne bila mabaki. Sentimita 10 za mwisho anazikunja kwenye benchi lenye vigingi vya chuma, taratibu, akilinganisha kila kipande na cha kwanza. Kipande kikilazwa, mita 1.8 zinarudi ndani ya chumba. Sehemu ya ndani ni ndefu kuliko ile ya nje, na mpita njia hataiona kamwe.

Anaweka alama za chaki kila sentimita 15. Chini ya wavu wa chini wa vyuma anapanga biskuti, yaani vijiwe vya saruji vya milimita 25, ili chuma kisiguse plaiwudi. Vyuma vya juu anavikalisha kwenye viti alivyovikunja mwenyewe. Kisha anafunga. Waya laini unapita chini ya makutano, unapanda, koleo linauzungusha mara mbili na nusu, linakata. Mkia anauelekeza ndani kwa kidole gumba, kwa sababu mkia ukitokeza nje ya zege hualika kutu. Anafunga kila makutano. Nilidhani angeruka moja moja kuelekea saa sita, jua lilipokuwa kali. Hakuruka.

Mwezi Juni 2015, huko Berkeley, California, roshani ilikatika na watu 6 wakafa. Ilikuwa ya mbao, na maji yalikuwa yameiozesha ndani kwa ndani. Yetu ni ya zege, lakini maji ni yale yale. Ndiyo maana slabu ya roshani imeshushwa sentimita 5 chini ya ile ya chumba, na itapewa mteremko kuelekea bomba la kutolea maji.

Siku ya kumwaga zege la slabu ndiyo ninayoiogopa. Mashine inanguruma, makarai yanapita mkono kwa mkono, kila mtu ana haraka. Buti moja likikanyaga vibaya, chuma cha juu huzama. Katika slabu ya sentimita 15, kikizama sentimita 5 roshani hupoteza zaidi ya theluthi ya nguvu zake, na zege likishafunika, jicho haliwezi kugundua. Fundi ametandaza mbao za kupitia. Anatembea nyuma ya poka, mashine ya kutikisa zege, akiwa na ndoano mkononi, akiinua chuma kilicholegea, akikagua viti.

"Vijana wangu, kwenye mbao," anasema, bila kupandisha sauti. Wanarudi kwenye mbao.

Kwa siku 7 roshani inafunikwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Miti haiguswi. Siku ya 28 fundi anarudi na nyundo. Hatoi mti wa karibu na ukuta kwanza, maana ncha iliyobaki imeegemea miti ya nje ingevunja mpango wote wa vyuma. Anaanza ukingoni. Anagonga mti wa kwanza mara tatu, anangoja, anatazama juu, anagonga wa pili. Akimaliza safu ya nje anakaa juu ya jiwe kunywa chai, macho yakiwa kwenye ukingo ule, kabla ya kusogea kwenye safu ya ndani.