Kifurushi Safi na Kifurushi Kibovu cha Programu ya Kubebeka

Programu ya Windows ikisakinishwa haikai mahali pamoja. Faili kuu huingia Program Files, maktaba za DLL mara nyingine huenda System32, mipangilio ya mtumiaji hujificha AppData, na maingizo mengi huandikwa kwenye rejista. Njia moja ya kuifanya iwe ya kubebeka ni kukusanya yote hayo katika faili moja la EXE, kisha kuihadaa programu iamini kwamba bado imesakinishwa: kila inapotafuta faili au ingizo la rejista, tabaka la kati hudaka ombi na kulijibu kutoka ndani ya kifurushi. Ndivyo ifanyavyo zana ya ThinApp, iliyojulikana kama Thinstall kabla ya VMware kuinunua mwaka 2008.

Ili kutengeneza kifurushi, fundi hupiga picha ya mfumo mzima, yaani hurekodi faili na rejista zake, husakinisha programu, kisha hupiga picha ya pili. Tofauti kati ya picha hizo ndiyo kifurushi, kwa hiyo ubora huamuliwa kabla hata usakinishaji haujaanza. Mashine inayofaa ni mashine pepe yenye Windows mpya isiyo na kitu kingine, tena toleo la zamani kuliko yote yatakayotumika. Ikiwa maktaba za Visual C++ ambazo programu inazitegemea zilikuwamo tangu awali, picha ya pili haitaziona kuwa ni mpya. Kifurushi kitafunguka kwa aliyekitengeneza na kugoma kwa wasio na maktaba hizo. Hilo ni kosa la kawaida. Kinyume chake, Windows ikijisasisha katikati ya picha mbili, takataka zake nazo hubebwa. Kifurushi kinachozidi mno ukubwa wa programu iliyosakinishwa kishukiwe, na folda ya mradi, yenye faili zilizonaswa, ikaguliwe: Temp iliyojaa, au njia ya faili yenye jina la akaunti ya fundi mwenyewe, ni dalili za kazi ya haraka.

Ustadi hasa huonekana katika utengaji, yaani kuitenga programu na kompyuta halisi. ThinApp ina viwango vitatu. Merged huruhusu programu kuandika kwenye kompyuta halisi. WriteCopy huiruhusu kusoma kompyuta halisi, ila mabadiliko huangukia folda ya pembeni (sandbox). Full huificha kompyuta halisi kabisa. Mvivu huchagua Full kila mahali; matokeo yake mtumiaji huhifadhi barua kwenye Documents, kisha haioni, kwa kuwa imezama katika folda ya pembeni. Fundi mzuri huweka WriteCopy kwenye folda za mfumo na kuacha Documents na Desktop zikiwa Merged. Kwa kifurushi cha kutembea na flashi, huandika pia SandboxPath=. katika faili la mipangilio la Package.ini, ili mipangilio ikae kando ya EXE badala ya kubaki kwenye kompyuta ya watu.

Yapo yasiyopakika. Draiva za kiini cha mfumo hazibebeki kwa njia hii, hivyo antivirasi, inayozitegemea, haifai hata kujaribiwa. Leseni iliyofungwa kwenye mashine moja nayo huleta mgogoro, wa kiufundi na wa kisheria. Na EXE iliyopakiwa na mtu asiyejulikana isifunguliwe, maana kilichomo hakionekani kwa nje. Isitoshe, toleo la kubebeka la programu likiwa tayari lipo, kama ilivyo kwa 7-Zip au VLC kupitia PortableApps.com, kuipakia upya ni kazi bure.

Kipimo cha mwisho hufanyika kwenye kompyuta ambayo programu hiyo haijawahi kukanyaga, kwa akaunti ya kawaida, kutoka kwenye flashi yenye herufi tofauti ya diski. Programu ifunguliwe, ichapishe, ihifadhi faili, ifungwe. Kisha rejista na Program Files zikaguliwe. Kifurushi kilichoacha alama humo, au kilichodai haki za msimamizi wakati programu yenyewe haizihitaji, kirudishwe kwa fundi.